Gauni la Kwenda Nairobi

Nyumba ya Kavindu pale Shauri Moyo ina chumba kimoja, kitanda kimoja na wageni wasioisha. Hutoka kijijini kwao, Kitui, na mtoto mgonjwa mkononi, wakiwa wameambiwa neno moja tu: ukifika Gikomba, uliza Mama Nzivo anayeuza nguo za watoto. Ndivyo Kavindu anavyojulikana pale sokoni. Wala hakuna siku Kavindu alikaa akaamua kuanzisha shirika. Alimlaza jirani mmoja wa mama yake sakafuni, akampelekea mtoto hospitali. Akaja wa pili, akaja wa tatu, na kabla hajajua limemwangukia jambo gani, alikuwa mwenyekiti mwenye muhuri, na Ambaro alikuwa mweka hazina wake.

Huyu Ambaro huuza vitambaa kwa jumla, hatua chache kutoka kibanda cha Kavindu. Mwanzoni alikuja kumgombeza kwa kufungua biashara mchana kama mtu asiye na njaa. Aliposikia sababu, akatoa mfuko wa unga, na tangu hapo hajatoka. Wawili hao wamewatibu watoto na kuwarudisha darasani, wamemlipa muuguzi wa zahanati pale kijijini, wamenunua madawati. Kanisani Kavindu husifiwa hadi anaona haya. Yeye anachotamani ni kulala. Uchovu wa miguu alishauzoea zamani. Amechoka kuomba, kueleza, kushukuru, halafu kuanza kuomba tena.

Basi safari hii alikuja Syombua na bintiye Mbinya, darasa la pili, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Shuleni walimsogeza dawati la mbele, kisha wakamketisha chini ya ubao kabisa, mwishowe akabaki nyumbani.

Mbinya alifika amevaa gauni la manjano lenye mikono ya kufura, soksi nyeupe, viatu vyeusi vinavyong'aa. Gauni ni la binti wa katekista. Soksi zilitoka kwa mwalimu mkuu, viatu kwa jirani wa ng'ambo ya mto. Kavindu hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alikuja Nairobi mara ya kwanza na sketi ya shangazi yake, kwa sababu kwao mtoto hapelekwi kwa watu akiwa ovyo ovyo. Akiaibika yeye, kijiji kizima kimeaibika. Kila jioni Syombua alilifua gauni lile na kulianika karibu na jiko. Mbinya hakuliona vizuri, lakini alilijua kwa vidole. Lilikuwa na vifungo vya umbo la ua, na alishinda akivipapasa.

Pesa za upasuaji zilitegemea wafadhili, na wafadhili walisema watatuma mtu aje ajionee. Mtu huyo akiridhika, Mbinya atapasuliwa, na wenzake wanaongoja kijijini wataitwa. Asiporidhika, Mbinya atarudi Kitui na giza lake.

Alikuja kijana mmoja na kamera shingoni, mpole, mwenye heshima zake. Ambaro alikuwa dukani. Kijana alimtazama Mbinya, akakuna kidevu.

"Mathe, huyu mtoto ako smart sana," akasema. "Hii picha wasee wa ofisini wakiiona wataniuliza, sasa huyu anasaidiwa nini? Hana nguo zingine? Zile za kawaida?"

Kavindu alikuwa na la kumjibu. Yeye anayeshinda akiwavisha watoto wa watu magauni, akiwageuza mbele ya mama zao wapendeze! Angeweza kumwambia kijana kwamba hilo gauni lenyewe ndilo umaskini, kwamba limeshonwa na mmoja, limeazimwa na mwingine na limefuliwa hadi limepauka. Lakini hospitali ilikuwa imepiga simu asubuhi hiyo kuulizia malipo, na mgongo ulimuuma kwa kulala mkekani, na maelezo yalikuwa marefu. Akamgeukia Syombua, akamwambia kwa Kikamba bila kumtazama usoni:

"Mvue. Mvalishe ile nguo uliyofungia chupa ya asali."

"Lile tambara? Mama, watu watanionaje?"

"Hawakujui."

Syombua akaanza kufungua vifungo.

"Na viatu pia, tafadhali," kijana akasema taratibu.

Mbinya aliuliza anavuliwa kwa nini. Mama yake akamjibu kwamba mgeni amekuja.

Picha ilitoka vizuri. Pesa zilitoka. Ambaro alipopata habari alilia kwenye simu na kumshukuru Mungu, na Kavindu hakumweleza picha ilivyopatikana. Macho yakapasuliwa, moja baada ya jingine. Syombua hakununa wala hakugomba. Ila tangu siku ile aliacha kumwita Kavindu Mama. Akawa anamwita Mwenyekiti, na kila mara neno hilo lilimchoma Kavindu.

Bandeji zilipotolewa, Mbinya alitazama mambo mengi, lakini zaidi alilitazama gauni. "Kumbe ni la manjano!" alisema, akalisogeza puani, akalisogeza mbali, akalisogeza tena puani.

Siku yao ya kuondoka Ambaro alikuja kuwaaga, amebeba begi jipya la shule. Syombua alikuwa nje bombani akichota maji ya njiani.

"Hodi humu!"

"Karibu, mgeni," Kavindu akaitikia.

Mbinya alikuwa ameketi kitandani, amevaa tayari kwa safari. Kusikia hivyo akateremka, akasimama katikati ya chumba, akaanza kufungua vifungo vyake, upesi upesi, kama mtoto aliyefunzwa adabu. Akamtazama Kavindu kwa macho yake mapya, akamuuliza kitu kwa Kikamba.

Ambaro alicheka. "Huyu anaenda kuoga? Anasema nini?"

Kavindu, aliyeeleza mambo ya watu kwa madaktari, kwa machifu na kwa wafadhili, alijibu akitazama sakafu.

"Anauliza," akasema, "kama na viatu pia avue."

"Avue kwa nini?"

"Kwa sababu umekuja. Kwa sababu wewe ni mgeni."

Kicheko cha Ambaro kilikatika. Mlangoni Syombua alikuwa amesimama na mtungi wake, amesikia yote. Kavindu akapiga magoti mbele ya mtoto amfunge vifungo, lakini vile vijiua vikawa vinamponyoka vidoleni. Mbinya alimtazama akihangaika, kisha akamwondoa mkono polepole na kujifunga mwenyewe.