Mguu Mmoja Mgongoni mwa Bibi

Mtaalamu wa viungo alinimiminia mafuta ya ufuta mgongoni, akasema, "Nikikuumiza, sema." Harufu ile ilinirudisha kwenye baraza ya bibi.

Msimu wa korosho bibi alishinda shambani ameinama, akiokota. Jioni alilala kifudifudi kwenye jamvi, nikampaka mafuta ya ufuta, kisha nikapanda mgongoni mwake huku nimeshika nguzo. Nilitembea pole pole, kutoka kiunoni hadi mabegani. Mgongo ukialika, ko, ko, alicheka.

"Hapo hapo, mke mwenzangu! Babu yako kazi hii haiwezi."

Jioni moja nilipopanda aliguna. "Umekuwa mzito. Kuanzia keshokutwa atapanda mdogo wako."

Kazi ile ilikuwa yangu peke yangu. Wakati wa kula nilimega matonge mawili tu ya ugali, nikanawa. Kesho yake nikafanya vilevile, na bibi akanishika mkono.

"Unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Nataka niwe mwepesi."

Hakucheka. Alinisogezea sahani, akanitazama mpaka nikamaliza ugali na mchuzi wa samaki. Kisha akajinyoosha kwenye jamvi.

"Haya, panda. Ila mguu mmoja tu. Mwingine uache chini."

Tangu hapo nilimkanyaga hivyo, mguu mmoja kwenye ngozi yake yenye mafuta, mwingine kwenye udongo wa baraza. Mdogo wangu alikuja kila jioni kuulizia zamu yake.

"Wewe bado," bibi alimjibu, uso kwenye jamvi. "Mwepesi mno."