Mkono Wangu na Ngoma ya Lori

Nyinyi mliokula vumbi la barabara ya Bariadi miaka ya hamsini mtanielewa haraka. Wajukuu itabidi waelezwe polepole. Wakati wetu, lori likisikika linanguruma upande wa Sapiwi, darasa lilibaki na mwalimu na ubao wake. Watoto wote walikuwa barabarani wakinusa moshi, na aliyefanikiwa kugusa bodi ya nyuma hakunawa mkono hadi jioni.

Mimi sikukimbia. Niliusubiri moshi unifuate nyumbani. Tangu nipate akili mimi ni mtu wa nyumbani, kuku wa kizingitini. Wasichana wenzangu wakienda kutazama ngoma za mavuno vijiji vya mbali, mimi nilibaki na mama yangu, ambaye tulimwita Mayu kama Wasukuma wote wanavyoita mama, tukikatakata viazi vitamu na kuvianika juu ya mwamba viwe michembe. Harufu ya michembe ikikauka juani sijui niieleze vipi kwa kizazi kinachokula viazi vya kwenye mfuko wa plastiki, vinavyolia mdomoni kama majani makavu.

Kwa hiyo dunia iliponitaka, ilibidi ije yenyewe nyumbani. Ikaja kwa magurudumu.

Baba aliuza ng'ombe akanunua lori kuukuu, la kusombea pamba. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa babu yetu, tuliyemwita Guku, na Guku alikubali kwa shingo upande. Kila asubuhi alilizunguka lile lori akiwa na fimbo yake, akitazama huku na huku kama anayetafuta chuchu.

"Ng'ombe gani huyu?" alimuuliza baba. "Hanyonyeshi, hazai, na akifa haliwi!"

Baba alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa chembamba. Maana majirani nao walikuwa wamemwamini, wakamwaga pamba yao uani kwetu, mlima mweupe chini ya turubai lenye matundu, ikingoja kupelekwa kuuzwa. Msimu ulikuwa ukingoni na mawingu yalishaanza kukusanyika. Mvua ikiiwahi ile pamba, ng'ombe wa Guku wangekuwa wameliwa na chuma, na baba asingekuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote pale kijijini.

Basi hapo ndipo lori lilipopasuka ngoma.

Ngoma ya breki, wajukuu zangu, ni lile bakuli la chuma linalokaa ndani ya gurudumu. Ukikanyaga breki, vipande vya chuma viitwavyo viatu hujitanua ndani na kulishika. Bakuli hilo limefungwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa nati. Lisipoenea sawasawa, ama gurudumu halizunguki, ama lori halisimami. Baba alisema lori lisilosimama ni jeneza lenye honi.

Alikata kijiti sawa na upana wa ngoma kwa ndani, akampa dereva mmoja aendaye Malampaka, kwenye stesheni ya reli, ambako fundi mmoja alikuwa na kilima cha vyuma vya malori yaliyokufa. Ngoma ikaja. Ilikuwa ndogo, haikuingia. Kumbe dereva alikichongoa kile kijiti njiani, akachokolea meno. Baba akapeleka kamba ya katani. Ngoma ikaja. Kubwa, unaweza kulaza mtoto. Kamba ilikuwa imelowa ikavutika. Rula ya mwalimu nayo iliishia katikati ya bakuli. Ngoma iliizidi urefu.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimekaa kivulini chini ya lori, pahala pangu pa kawaida, nikichezea ile ngoma iliyopasuka. Nilikuwa nimelaza mkono ndani yake, kiwiko kimegusa ukingo huu, na ncha za kucha zinakwaruza ukingo ule. Krr, krr. Baba akainama akatazama. Akatazama tena.

"Minza, usitikisike."

Sikutikisika. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote.

"Kijiti huchongolewa, kamba huvutika," alimwambia Mayu. "Lakini mtoto harefuki kwa siku mbili. Nakwenda naye Malampaka."

Kwa nini hakubeba ngoma yenyewe? Mwenye lori aliyetupa nafasi juu ya mizigo yake alisema watu sawa, chuma hapana. Nililia, jamani. Nililia kama ninayeozwa Ulaya. Bibi jirani alipouliza kulikoni, akaambiwa baba ananipeleka Malampaka kutafuta ngoma, alipiga makofi ya mshangao: "Pamba iko nje, mvua hiyo inakuja, na mwanamume anakwenda kutafuta ngoma! Na mtoto mdogo ndiye mchezaji!"

Mayu hakuwa mtu wa kumtoa mtoto wake mbele za watu akiwa hovyo. Alfajiri alinisugua kwa jiwe, akanipaka samli hadi nikang'aa kama kibuyu kipya. Na kila alipofika kwenye mikono yangu alirudia wimbo wake wa siku zote: "Kucha zimetoka punje nzima ya mtama! Unachimba panya?"

Safari siisimulii. Nilifumba macho kuanzia kwetu hadi Malampaka, nikiamini kwamba nisipoiona njia, itakuwa sijaondoka.

Fundi wa Malampaka alikuwa mfupi, mwenye tumbo lililomtangulia na mdomo uliolitangulia tumbo. "Mwadila, mzee," alimsalimu baba, kisha akanitazama. "Na huyu?"

"Ndiye kipimo," baba alijibu.

Fundi alicheka hadi akakaa. "Nimeletewa vijiti, nimeletewa kamba. Leo nimeletewa rula ya nyama!"

Lakini alitusaidia. Tundu la katikati, inapopenya habu, lilipimwa kwa ngumi zangu mbili zilizobanana. Matundu ya nati yalikuwa vidole vya mkono mmoja na kimoja cha kuazima. Tukapekua vyuma mpaka jua likaanza kuinama, na zikabaki ngoma mbili zilizofanana kama pacha Kulwa na Doto. Nikalaza mkono kwenye ya kwanza. Ukaenea barabara, kiwiko huku, vidole kule.

"Imepatikana!" alisema baba, na mabega yake yakashuka.

Mimi sikufurahi. Kuna kitu kilikosekana, na sikukijua hadi nilipojaribu kuchezesha vidole.

"Baba, hailii."

"Nini hailii?"

"Ya nyumbani ililia krr."

Baba alinishika mkono, akaugeuza. Vidole vyangu vilikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri kwa wembe, vya mtoto wa watu. Uso wake uliingia kivuli. "Mama yako amekukata kucha?"

"Alfajiri."

"Yesu wangu," fundi alisema, "rula imenyolewa!"

Baba alikaa juu ya gurudumu bovu, akaangalia mawingu yaliyokuwa yakienda upande wa kwetu, kwenye ule mlima mweupe. Lori la kurudi lingekubali ngoma moja tu. Kurudi tena kusingekuwako. Mimi nilitaka sana kusaidia ili turudi nyumbani upesi, na kichwani mwangu hakukuwa na kitu ila sauti ya Mayu. Basi nikaisema kama ilivyo: "Kucha zimetoka punje nzima ya mtama. Unachimba panya?"

Baba akageuka polepole. "Alisema hivyo? Punje nzima?"

"Kila siku husema hivyo."

Wauza nafaka hawakukosekana stesheni. Fundi mwenyewe alikwenda mbio, tumbo mbele, akarudi na punje za mtama kwenye kiganja. Kwenye ngoma ya kwanza punje haikupata pa kukaa. Kwenye ya pili nililaza mkono, baba akaichomeka punje kati ya ncha ya kidole na chuma, ikaingia, ikatulia. Hakuna aliyecheka.

Tulifika nyumbani kabla ya mvua. Ngoma ilikaa kwenye habu yake kama kifuniko kwenye chungu chake. Baba alipandisha lori hadi juu ya kilima kidogo, akaliachia lishuke, Guku akiwa amesimama chini. Lilisimama mbele ya miguu ya Guku, vumbi likimpita. Mzee alinyoosha fimbo akaligonga kwenye pua.

"Huyu sasa anasikia akiitwa," alisema. Pamba ikaondoka kabla ya mvua, na kuanzia siku hiyo alilihesabu pamoja na ng'ombe.

Mjukuu wangu wa Bariadi ana kigari kikuukuu. Juzi aliagiza diski za breki kwa simu. Simu ikamwonyesha picha, namba, hata rangi. Zilipokuja, zina matundu matano na habu ya gari lake ina manne. Akarudisha, akaletewa nyingine, nazo zinakwama katikati. Nilimnyooshea mkono wangu: "Njoo upime, bwana." Akacheka, akasema, "Bibi, mambo hayo yalipitwa na wakati." Sawa. Lakini gari lenu limekaa juu ya matofali, na letu lilikuwa barabarani.

Hata hivyo yeye ana haki kidogo. Maana msimu uliofuata baba alitaka kununua ngoma ya akiba, akaniita chini ya lori kama zamani. Nililaza mkono ndani ya ile ngoma iliyopasuka, tena kwa furaha, nikijiona fundi mkuu. Vidole vilipita ukingo. Nikavuta kiwiko nyuma, vikapita bado. Baba alidhani nimeulaza vibaya, akanipanga upya, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akauacha mkono wangu taratibu.

"Ngoma ni ileile," alisema. "Wewe ndiye uliyeondoka."

Mimi, ambaye sikuwahi kutaka kwenda popote.