Viboko wa Kona ya Shangazi

Nakumbuka siku moja, enzi za vijiji vya ujamaa, nilipopakiwa kwenye ndege ndogo kuhesabu viboko wa mto Ruvu. Mwanangu, sikuwa msomi. Bwana nyama wa Kisarawe, yaani afisa wa wanyamapori, alinichagua kwa kuwa soko zima la Mlandizi lilijua sipunjwi hata ndizi moja. Kila kitu nakihesabu mara mbili.

Yeye alitazama kushoto, mimi kulia. Kila kiboko, punje moja ya hindi ihame kutoka mfuko huu kwenda ule. Kazi ikaenda vizuri mpaka tukafika juu ya kwetu. Nikaliona paa letu jipya la bati, nikaona watu wadogo kama siafu, nikapunga mkono. Nilipoukumbuka mto, kona yake ya kijijini kwetu ilishapita. Kwa kuona haya, nikahamisha punje mbili za kukisia.

Na hesabu ile ndiyo ingeamua vijiji gani vipewe mlinzi mwenye bunduki hadi mpunga uvunwe.

Jioni nilimkuta Shangazi Mwanahawa kwenye dungu lake la kulindia mpunga shambani, debe la kufukuzia viboko mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mtu wa angani. Nimekuona unavyopunga. Kona yetu umeandika wangapi?"

"Wawili."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wawili ndio wamemaliza nusu ya shamba langu? Basi wana njaa. Ulitazama mto, au ulitazama bati?"

Nikageuka kulitazama bati.

"Kesho panda basi uende Kisarawe. Mficha maradhi kilio humfichua."

Nikaenda. Bwana nyama alisikiliza, akaifuta ile mbili. "Ungeacha wazi," akasema, "ningerudi kutazama. Ukishajaza, nani arudi?" Akanituma nikahesabu kwa miguu, ukingoni. Walikuwa kumi na mmoja. Nikarudia, wakabaki kumi na mmoja. Mlinzi akaja. Shangazi akavuna nusu iliyobaki, nami ndege sikupandishwa tena.

Shangazi hayupo sasa, na bati lile limekula kutu. Lakini nikisikia ndege ndogo, mkono huinuka wenyewe.

Mwanangu, kuhesabu mara mbili si kitu kama mara ya kwanza hukutazama. Usichokiona, sema hukukiona. Pengo humwita mtu arudi, uongo humrudisha nyumbani akalale. Mungu akupe macho ya kuona, na siku yatakapopotea, akupe ulimi wa kukiri na nauli ya kwenda Kisarawe.