Kioo Ndani ya Kopo la Mchele

Nubia Echavarría anapaka vioo. Ndivyo tunavyosema hapa mtaani kwetu Medellín, maana ukimwachia aeleze mwenyewe, kahawa yako itapoa. Kule kwenye maabara ya chuo anadondosha kimiminika juu ya kipande cha kioo kinachozunguka kasi, unabaki utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Nusu yake ni chumvi ya madini, nusu ni kemikali ya jamii ya vitu vyenye uhai. Ukiupitishia umeme, unatoa mwanga wa kijani.

Mama yake, Bi Blasina, anayekaanga bunyuelo, yale maandazi yetu ya jibini, hakuwahi kuuona mwanga huo. Na jirani Evelio kila akija kununua lazima amchokoze: "Blasina, binti yako bado anaosha vioo vya watu?" Bi Blasina aliendelea tu kugeuza maandazi yake.

Basi mwaka jana, siku moja kabla ya sikukuu ya mishumaa, Nubia akaruhusiwa kuja na kioo kimoja nyumbani. "Kesho jioni mkiwasha mishumaa nje, mama, na mimi nawasha changu. Evelio aone." Akakiweka mezani, akaenda kulala.

Asubuhi nilikuwa jikoni kwao nikisubiri maandazi. Nubia akapiga kelele.

"Mama! Nani amekifunga na kitambaa kibichi?"

"Mimi. Kisikauke, mwanangu. Si ndivyo ninavyofanya na unga?"

"Hiki si unga! Ni kama chumvi, kikinywa maji kwisha habari yake!"

"Chumvi? Sasa kwa nini hukusema? Chumvi mimi naijua!" Akakifuta kwa aproni, akakizika kwenye kopo la mchele, kama anavyotia punje za mchele kwenye chumvi yake majira ya mvua.

Nubia alicheka huku machozi yakimlengalenga. Pembeni utando ulikuwa umeshapauka. "Labda ile gundi niliyoufunikia katikati imezuia maji," alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jioni mishumaa ikapangwa ukingoni mwa barabara. Evelio alifika mapema, na kiti chake mkononi. "Haya, muosha vioo, tuonyeshe."

Nubia akaunganisha nyaya na betri. Hakikuwaka. Akazibana vizuri zaidi. Ndipo katikati ya kioo kikawaka kidoa cha kijani, kidogo kama punje ya dengu, kikali hadi Evelio akafumba jicho moja.

"Ndio hicho tu?"

"Kingekuwa kikubwa, nimekilowesha mimi," alisema Bi Blasina. "Na wewe, Evelio, umewahi kuwasha nini zaidi ya sigara?"

Tulicheka mpaka mishumaa miwili ikazimika. Watu wakaanza kudai maandazi yao, lakini Bi Blasina alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, mikono mapajani.

"Subirini," alisema. "Naangalia kazi ya mwanangu."