Bahari ya Majaribio

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "ni picha tu," damu inanichemka. Mnisamehe mapema, maana hadithi hii sijui kuisimulia kwa upole.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa ofisi za wageni. Mimi nilipata kazi kwenye ofisi moja ndogo ya michoro. Tulikuwa wawili tu: mimi na msanifu majengo kutoka Maputo, kijana mwenzangu, tukiitana ndugu. Tulikuwa tunachora kwa kompyuta kijiji kipya, ambako watu wa ufukweni, mama yangu akiwamo, wangehamishiwa. Ndugu yangu huyo Kiswahili kilimpiga chenga, lakini wali wa nazi na pweza wa mama yangu aliujua vizuri sana. Kila Ijumaa yuko kwetu jamvini, anaitwa mwanangu sawasawa na mimi.

Siku moja akaniambia nizishindanishe programu mbili za kugeuza mchoro kuwa picha, tujue ipi ya kununua. Moja ilifuata mwanga kweli kweli: unatoka juani, unagonga ukuta, unarudi chini, nayo inauhesabu tu. Ya pili ilikuwa ya mkato, inakisia. Ili mashindano yawe ya haki, zote zipewe mchoro ule ule kwenye mashine ile ile, na mchoro wenyewe uwe mgumu. Na hakuna kinachoitesa kompyuta kama maji na majani. Basi nikachora nyumbani kwetu: ua wa mama, minazi, bahari imejaa mpaka karibu na jiko. Pale hakuna programu ingeweza kunidanganya, kwa sababu najua kivuli cha kila kuti kinaangukia wapi.

Ile ya mkato ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Maji yake sasa, lo! Kama plastiki ya kufunikia meza. Ile nyingine niliiwasha asubuhi, jenereta likanguruma, nikaenda kusali adhuhuri, nikarudi, bado. Alasiri ndiyo ikatoa picha. Wallahi nilisogeza kiti karibu na kioo. Ilikuwa bahari yetu yenyewe, unaona mpaka mchanga wa chini. Ndugu yangu akasimama nyuma ya kiti changu, akapiga mluzi.

"Hii ni ya majaribio," nikamwambia. "Haitoki humu."

"Wewe nawe! Itoke iende wapi?"

Siku ya mkutano wa kijiji akanituma Namoto, mpakani na Tanzania, nikapokee betri za kompyuta kwa mfanyabiashara aliyezivusha kutoka Mtwara. Nikaenda, mjinga mimi, wala sikujiuliza kwa nini iwe siku ile. Mfanyabiashara akanikodolea macho: betri gani? Hakuna mtu aliyemwagiza kitu.

Niliporudi nilimkuta mama anapepeta mchele, uso unang'aa.

"Mbona ulinificha, mwanangu? Wametuonyesha kwenye shuka jeupe. Nyumba ya matofali, bati juu, na bahari mbele! Hata ule mnazi wetu uliopinda shingo, umenichorea mwingine. Nikawaambia wenzangu, huyu ni mwanangu, kamkumbuka mama yake. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali kuhama, na wao wakanifuata."

Kijiji kipya kilikuwa bara, njia ya Pundanhar, vumbi tupu. Yule niliyemwita ndugu alikifuta kibanda cha mama kwenye mchoro wangu, akabandika nyumba ya matofali, akaiacha bahari palepale.

Nilimvamia ofisini. Hata hakuinuka.

"Ndugu, mbona unapandisha mori? Watu walitaka kuona kitu kizuri. Ni picha tu. Kila mtu anajua picha si ramani."

"Mama yangu hajui! Mama aliyekulisha!"

Akageukia kompyuta yake, akanijibu kwa Kireno cha ofisini, kana kwamba hatujawahi kula sahani moja. Sijawahi kumchukia mtu vile, na sioni haya kusema.

Mama nilimweleza kila kitu. Akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kwa wakubwa kuurudisha mkono wake. Wakamjibu kwamba kazi imeshaanza, na picha ile kachora mwanao, kamuulize yeye.

Walihamishwa. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo, ila maji yakitoka pwani, mama hana tena pa kwenda kuokota kombe. Na wale wanawake waliomfuata kunyoosha mkono, sasa akiwasalimu hawamwitikii. Nilimpelekea samaki, nikakaa naye barazani, nikaanza tena: mama, hata mimi walinizunguka, walinituma mbali makusudi, haki ya Mungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa.

"Wale sikuwaamini tangu mwanzo, baba," akasema. "Mkono niliunyoosha kwa ajili yako."