Presha Niliyoificha Ukweni

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa barabarani ukainuka ukajikung'uta vumbi, halafu kuna hii yangu ya kulazwa kwenye benchi la zahanati kule Matombo, vifungo vya shati vimefunguliwa, mama mkwe ananipepea kwa khanga yake na watu wamejazana dirishani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Morogoro mjini, na nina presha ya kupanda, mwaka wa tatu natumia vidonge. Ijumaa ile tunafunga mizigo kwenda ukweni nikavishika vidonge vyangu, nikavitazama, nikavirudisha kabatini. Basi, ndiyo hivyo tu. Sikutaka wakwe wanione nameza dawa (kule walikuwa wananisifu kwamba napanda mlima bila kuhema).

Jumatatu ilikuwa siku ya kupima presha zahanati. Mama mkwe alikuwa analalamika kichwa siku nyingi lakini kupimwa hataki, anasema mashine ile ikikubana mkono inakuachia ugonjwa. Mke wangu, Yustina, akaninong'oneza, "Wewe anakusikiliza. Mshawishi."

Nami nikavimba kichwa. "Mama, nitaanza mimi, uone haiumi," nikasema mbele ya watu wote, tena nikaongeza somo: kuna neva zinaitwa za simpathetiki, ukiona nyoka njiani ndizo zinaukimbiza moyo na kubana mishipa ya damu, presha inapanda, nyoka akienda zake zinatulia, ila wenye presha wengi neva zao zinabaki zimewaka hata nyoka hayupo. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikajisikia profesa.

Nesi akanifunga kile kitambaa, akaitazama mashine. Akapima tena.

"Mwalimu, mia tisini na nane kwa mia kumi na sita. Unatumia dawa za presha?"

Mama mkwe yuko mlangoni. Nikasema, "Hapana."

"Hapana?" Yustina akanigeukia. "Baba Neema, una nini?"

Hapo moyo ukaanza kupiga mpaka nikausikia masikioni, maandishi ya ukutani yakawa mawili mawili. Nikasimama eti natoka kupunga hewa, nikayumba, nikashika pazia, pazia likaja lote na bomba lake, na nyuma yake kulikuwa na mzee wa watu ameshusha suruali anasubiri sindano! (Mzee, popote ulipo, nisamehe.)

Wakanilaza. Mama mkwe akainama mpaka usoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe binti yake.

"Mwanangu, dawa ziko wapi?"

"Kabatini, mama. Mjini."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Nesi akauliza ni dawa gani, nikamtajia, uso wake ukabadilika. "Hizo ndizo zinazozuia neva zako, Mwalimu. Haziachwi ghafla. Umeachia breki katikati ya mteremko."

Nilimwelewa kuliko mtu yeyote mle ndani, na ndiyo maana niliogopa kuliko wote.

Nesi akanipa dawa ya kuanzia, wakanipakia kwenye pikapu ya ndizi kwenda hospitali ya mjini. Ile barabara mnaijua, kila jiwe lilinigonga kichwani. Yustina hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alinishika mkono tu, kila baada ya kona anasema, "Nitajie watoto wetu." Nataja: Neema, Baraka, Joy. Kidogo tena, "Nitajie." Alikuwa anasikiliza kama ulimi wangu umeanza kuwa mzito. Safari nzima nilitaja watoto watatu, huku machozi yananitoka.

Nililazwa siku tatu, presha ikashushwa polepole. Siku ya pili mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baada ya wewe kuondoka nikakaa kwenye kiti kile kile, nikapimwa. Ninayo. Nimeanza dawa." Kisha akashusha sauti. "Nilikuwa naogopa, mkwe wangu. Sikujua kama na wewe unaogopa."



Siku hizi nikikaa kupimwa, nesi hajafungua hata mdomo nimeshasema yote: ugonjwa, dawa, siku niliyoruka. Wakwe wawepo wasiwepo, nasema kwa sauti.