Bisibisi ya Mwanangu

Kazini walimwita Daktari. Kila asubuhi mwanangu wa kwanza alizungukia mashine sita za kukereza vyuma, zikiwashwa moja moja, akaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi inayoshika mhimili unaozunguka, na mpini sikioni. Beringi nzima huvuma sawasawa, aliniambia; iliyoanza kuchoka hukwaruza kama mchanga mdomoni. Akiisikia mapema, hubadilishwa kabla haijakwama na kumrushia mtu chuma.

Mimi macho yangu hayalali kwa wanangu. Niliona redio inapandishwa sauti kila wiki. Niliona birika likipiga mluzi pembeni yake, yeye anakula tu. Nilipomuuliza, aliuma mpini wa bisibisi.

"Siku hizi nasikilizia hapa, mama. Mtetemo unapita kwenye mfupa. Mashine nazisikia vizuri, watu ndio siwasikii. Usimwambie mtu."

Usingizi ukanipaa. Nilikuwa namwona akilini anapigiwa kelele akwepe, naye hageuki. Basi nikaenda kwa msimamizi wake, nikamwomba amhamishie ghalani, mbali na mashine. Msimamizi alinishukuru. Hata kiti alinipa.

Wiki ileile mwanangu alisema mashine ya nne izimwe, imeanza kukwaruza. Msimamizi akamjibu mbele ya wenzake, kwa sauti ya juu ili asikie:

"Daktari, mama yako anasema hata birika hulisikii. Hiyo beringi umeisikia na nini?"

Mwenzake wa mashine ya nne alicheka kuliko wote, akauliza kama siku hizi meno yanaota masikio. Mashine ikaendelea kuzunguka. Mwanangu akapelekwa ghalani kupanga boliti.

Siku ya tisa beringi ilikwama. Chuma kikachomoka, kikamvunja mkono yule yule aliyecheka. Wakubwa walipokuja kuuliza, msimamizi aliandika kwamba mkaguzi wa mashine alikuwa kiziwi na aliwaficha. Shahidi wake aliyemtaja ni mimi.

Mwanangu alirudi nyumbani na bisibisi tu. Ameiweka dirishani, mpini una alama za meno. Hajanigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningepumua.

Chakula kikiwa tayari namwita kutoka jikoni. Hageuki. Sijui hasikii au hataki. Naenda kumgusa bega, naye anasogea kidogo, kama mtu aliyekuwa anataka kusogea tangu mwanzo.